Pesa Zinapokatika: Ukwasi, Umaskini na VVU Kando ya Ziwa

Kila ramani mpya ya VVU ya Kenya inapotolewa, macho huenda moja kwa moja Nyanza, kando ya Ziwa Victoria, na maelezo huwa tayari mdomoni: umaskini. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 uliiweka Homa Bay kwenye asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3 na Migori 13.0, ilhali kiwango cha nchi nzima, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kilikuwa 4.9. Mwanasiasa akishika kipaza sauti matangani atasema watu wetu wanamalizwa na ufukara. Shirika likiandika ombi la ufadhili litasema vivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Watu hawabishi, kwa kuwa jibu hilo lina huruma ndani yake, na jibu lenye huruma ni vigumu kulipinga.

Mimi nalipinga. Mandera, Wajir na Garissa zimekuwa miongoni mwa kaunti maskini zaidi tangu tuanze kupima umaskini, na katika utafiti uleule wa 2018 kiwango chao cha VVU kilikaribia sifuri. Kisumu ina bandari, uwanja wa ndege, vyuo vikuu, na reli iliyofika tangu 1901. Ukipanga kaunti zetu kwa ufukara kisha uzipange tena kwa VVU, orodha hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Na si kaunti tu. Mwaka 2003, utafiti wa afya na idadi ya watu, ule tunaouita KDHS, ulipima damu ya watu majumbani kwa mara ya kwanza nchini. Kaya ziligawanywa mafungu matano, kutoka maskini kabisa hadi wenye nacho. Wanawake wa fungu la chini walikuwa na VVU kwa asilimia 3.9. Wa fungu la juu, asilimia 12.2. Yaani mara tatu. Tanzania ilipofanya upimaji wa aina hiyo karibu na miaka hiyo, mwelekeo ulikuwa uleule. Wataalamu walikuna vichwa, kisha wakaanza kuandika kwamba pesa barani Afrika hazimkingi mtu na VVU, pengine hata zinamsogeza karibu nayo.

Hapa inafaa kwenda polepole, maana takwimu hizo zina mtego. Kiwango cha maambukizi kinahesabu watu walio hai wakiwa na virusi, wawe waliambukizwa mwaka huu au miaka minane iliyopita. Mtu anayekula vizuri, anayetibiwa kifua na malaria mapema, anaishi na virusi muda mrefu zaidi, kwa hiyo mpimaji akibisha hodi anamkuta. Maskini aliyeambukizwa siku moja naye alikwisha kuzikwa. Mwaka 2003 dawa za ARV zilikuwa za wachache sana Kenya. Sehemu fulani ya ile mara tatu ni makaburi ambayo hayakuhesabiwa.

Sehemu tu, lakini. Iliyobaki ni ya kweli, na mtu yeyote aliyekulia miji ya barabara kuu anaijua. Katika miaka ya themanini na tisini, waliotangulia kuugua hawakuwa wakulima wa mtama. Walikuwa walimu, madereva wa masafa marefu, makarani, askari, wafanyabiashara wa mpakani Busia na Malaba. Watu wenye mshahara, wenye safari na wenye chumba cha kupanga mbali na nyumbani. James Hargreaves na wenzake walikusanya tafiti za Afrika nzima mwaka 2008 na kuona kwamba zile za awali, hasa za kabla ya 1996, ziliwakuta wasomi wakiwa na maambukizi zaidi, lakini kadiri miaka ilivyokwenda mambo yakaanza kugeuka. Mwenye elimu alisikia mapema, akaelewa mapema, akabadilika mapema. Ugonjwa uliopanda kwa wenye nauli ukaanza kuteremka kwa wasio nayo.

Kwa hiyo je, VVU ni ugonjwa wa matajiri au wa maskini? Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya, na kosa linaanzia kwenye namna tunavyopima utajiri. Tafiti hizi haziulizi una shilingi ngapi leo. Zinaangalia paa, sakafu, choo, redio, televisheni, baiskeli. Mama mwenye nyumba ya mabati, simu na sakafu ya saruji huingia fungu la kati, pengine la nne. Hakuna safu kwenye dodoso inayosema kwamba Jumanne iliyopita hakuwa na mia tano, mtoto alikuwa na homa kali, na kila aliyempigia simu hakupokea.

Njoo ufuoni uone. Omena, samaki wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga. Alfajiri mashua zikirudi, akina mama wamekwisha kujipanga na mabeseni, leso zimefungwa kiunoni, baadhi wameingia majini hadi magotini. Mgeni atadhani anaangalia soko. Anachokiona ni ugavi ambao umekwisha kupangwa: mashua haijagusa mchanga na omena zote zina wenyewe. Mama aliye na jaboya wake, yaani mvuvi anayelala naye ili auziwe samaki, ndani ya mashua ile anauziwa kwanza, na anauziwa za kutosha kujaza gunia. Asiye naye anasubiri, na siku samaki ni haba, anasubiri hadi jua linapanda kisha anarudi nyumbani na beseni tupu na deni la nauli. Watu wa mbali hudhani jaboya humpa mwanamke samaki bure. Hampi. Mwanamke analipa pesa taslimu kama wengine, na juu yake analipa kwa mwili ili tu aruhusiwe kulipa pesa.

Halafu mwezi unajaa. Taa haina kazi tena, mashua zinakaa nchi kavu siku kadhaa, na mapato yanasimama. Mvua ikinyesha omena zikiwa zimeanikwa, zinaharibika na kuuzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Kuanzia Aprili hadi Julai kuna marufuku ya kuvua omena ili zizaane. Mwanamke huyu si fukara wa kutupwa. Kuna wiki anashika pesa ambazo mwalimu wa chekechea hazioni kwa mwezi. Ila pesa zake zinakatika, na zikikatika zinakatika zote kwa pamoja, kwake, kwa jirani yake, kwa dada yake na kwa chama chake kizima, kwa kuwa wote wanategemea maji yaleyale. Hana wa kukopa kwake isipokuwa mwenye mashua.

Hapo ndipo naona kiini cha jambo. Hali ya mtu kiuchumi inagusana na VVU kwa njia ya mshtuko kuliko kwa njia ya cheo. Hatari inaingia ile wiki ambayo pesa zimekatika na mwenye nazo ni mwanamume mmoja anayejua unazihitaji.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka hapa hapa magharibi. Wachumi Jonathan Robinson na Ethan Yeh walifuatilia wanawake wanaouza ngono mjini Busia, wakiwaandikisha mambo yao siku kwa siku, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Siku ambayo mtu wa nyumbani kwa mwanamke huyo aliugua, uwezekano wa yeye kufanya ngono bila kondomu uliongezeka kwa takriban asilimia 19. Umaskini wake haukuwa umebadilika usiku ule, na wala hakuwa amesahau mafundisho ya kondomu. Mtoto aliugua, dawa zikahitajika, na wateja hulipa zaidi bila kondomu. Basi.

Miaka minne baadaye Marshall Burke, Erick Gong na Kelly Jones walitazama jambo hilohilo kwa upana. Walichukua vipimo vya watu zaidi ya laki mbili katika nchi 19 za Afrika, wakavilinganisha na historia ya mvua ya kila eneo. Vijijini, mahali ambapo VVU ilikuwa imekwisha kuenea, kila ukame wa miaka ya karibuni uliongeza maambukizi kwa asilimia 11. Vijiji hivyo vilikuwa maskini kabla ya ukame na vikabaki maskini baada yake; mahindi ndiyo yaliyokosekana mwaka ule.

Ukilisoma jambo hivyo, hata Mandera inaacha kuwa kitendawili. Ukame huko ni mkali kuliko kwetu, lakini virusi havikuwa na mizizi ya kutosha kabla, na wanaume karibu wote wametahiriwa. Mshtuko unahitaji moto wa kuuchochea.

Suala la tohara lisirukwe, hasa na sisi tunaopenda kueleza kila kitu kwa uchumi. Mwishoni mwa miaka ya tisini watafiti walilinganisha miji minne: Kisumu, Ndola ya Zambia, Yaoundé na Cotonou. Mbili za kwanza zilikuwa na VVU nyingi mno, mbili za mwisho kidogo. Walitarajia kukuta watu wa Kisumu wana wapenzi wengi zaidi. Hawakukuta hivyo. Tofauti zilizojitokeza ni tohara ya wanaume na malengelenge ya sehemu za siri, yanayorahisisha virusi kupita. Baadaye jaribio la Kisumu lililohusisha vijana 2,784, matokeo yake yakitoka 2007, lilithibitisha kwamba tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Mwili nao una hesabu zake, wala hauulizi mshahara. Anayetaka kuhukumu tabia za Wajaluo kwa kutazama ramani ya VVU angeanza kwa kusoma utafiti huo wa miji minne.

Lakini ndani ya Kisumu hiyohiyo, utafiti ule ulikuta jambo jingine linalonisumbua zaidi. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa na VVU kwa asilimia 23. Wavulana wa umri huo, karibu asilimia 3.5. Hesabu hiyo ni vigumu kuieleza kama wasichana walikuwa na wavulana wa darasa lao tu. Lazima wengine walikuwa na wanaume wakubwa. Na ukiangalia KENPHIA ya 2018, wanawake 6.6 na wanaume 3.1, utaona kivuli cha jambo lilelile miaka ishirini baadaye.

Kwa hiyo ukitaka kujua pesa zinafanya nini, usimwangalie msichana peke yake. Mwangalie mwenye pesa. Simama Salgaa jioni, pale nje ya Nakuru, malori yakiegesha safu kwa safu kabla ya kuupanda mlima asubuhi. Dereva ana posho ya safari mfukoni, yuko mbali na mkewe, na ana usiku mzima. Nenda Naivasha, kwenye mashamba ya maua yenye vibarua wa msimu, halafu umtafute msimamizi anayeamua nani ataitwa tena mkataba ukiisha. Kwenye miwa ya Mumias, wakati kiwanda kilikuwa kiwanda, mkulima alingoja mwaka mmoja na nusu au zaidi kisha akalipwa kwa mkupuo, na akaunti kwa kawaida ilikuwa ya mume. Hawa si mabepari. Ni watu wa kipato cha kati ambao pesa zao zinafika wakati za mwingine zimekatika. Mwanamume wa namna hii, anayemgharamia msichana, vijana wa mjini siku hizi wanamwita sponsa na wanacheka. Mimi sioni cha kuchekesha sana, ingawa nakiri jina limemfaa.

Pascaline Dupas alijaribu kitu rahisi katika shule za msingi za magharibi ya Kenya mwaka 2004. Mtaala wa wakati huo uliwaambia wanafunzi wajiepushe na ngono mpaka ndoa. Yeye aliwapelekea baadhi ya shule somo fupi lenye habari moja: kiwango cha VVU kwa wanaume kwa kufuata umri wao, yaani kwamba yule mwenye pikipiki na suti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa Darasa la Nane. Mimba miongoni mwa wasichana hao zilipungua kwa asilimia 28 ndani ya mwaka, hasa zile za wanaume wakubwa. Wasichana hawakuwa wametajirika. Walijua tu ni nani hasa aliyebeba hatari, habari ambayo watu wazima waliijua na wakaona haya kuisema.

Baada ya mtu kuambukizwa, uchumi unageuka sura, na hapa sina ubishi tena na wale wanaosema umaskini. ARV ni bure katika vituo vya serikali, lakini bodaboda si bure, na siku ya kliniki ni siku ya kibarua iliyopotea. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono; utafiti uliosaidia kulithibitisha hilo, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka 2011, ulikuwa na wenza kutoka Kisumu pia. Hii ina maana kwamba nauli iliyokosekana mwezi huu ni suala la afya ya watu zaidi ya mmoja. Mwenye gari huchukua dawa za miezi kadhaa na kurudi kazini kabla ya chai ya saa nne. Mvuvi anayehama na samaki kutoka Usenge hadi Mfangano anakosa tarehe, anaona haya kurudi, anakosa nyingine.

Na haya yote yalikuwa yamebebwa na mgongo wa mwingine. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, tuliona ni kiasi gani cha mfumo wetu kilikuwa kikilipwa kutoka Washington: wahudumu waliokuwa wakifuatilia waliokosa kliniki, waelimishaji rika, mradi wa DREAMS uliokuwa ukiwasaidia wasichana wa kaunti za ziwa kwa karo na mengineyo. Vituo vingi vya CCC, yaani kliniki maalumu za wanaoishi na VVU, vikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida. Kwenye karatasi kuunganisha ni jambo zuri, na wapo madaktari ninaowaheshimu wanaolitetea. Kwenye benchi, ni foleni ndefu zaidi, na foleni ndefu humwondoa kwanza mtu anayelipwa kwa siku.

Sasa tufanye nini? Jibu la haraka ni kugawa pesa, nalo si la kudharauliwa. Zomba, Malawi, wasichana waliopewa fedha kidogo kila mwezi walikuwa na VVU kwa asilimia 1.2 baada ya mwaka mmoja na nusu, wenzao ambao hawakupewa 3.0. Lakini Afrika Kusini, jaribio kubwa lililowalipa wasichana ili wahudhurie shule, matokeo yake ya 2016, halikuona tofauti yoyote, kwa kuwa karibu wote walikuwa shuleni tayari, walipwe wasilipwe. Pesa zilifika mahali ambapo hapakuwa na pengo.

Wanawake wa Nduru, kwenye ufuo wa Kisumu, walitafuta njia ya moja kwa moja zaidi: wakapata mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakaajiri wanaume wavue, na kundi lao likajulikana kwa kukataa ngono kwa samaki. Kwa muda mambo yalibadilika kabisa. Mwenye mashua ndiye anayeamua nani anauziwa. Kisha mbao zikaoza, matengenezo yakawa ghali, na mafuriko ya ziwa ya 2020 yakawahamisha watu. Nimesikia watu wakilitaja kundi hilo kama mfano wa kushindwa. Si haki. Lilishindwa na mshtuko, jambo lilelile lililokuwa likiwaumiza tangu mwanzo, na hapakuwa na bima wala mfuko wa kununua mbao mpya.

Kelly Jones na Erick Gong, wale wa utafiti wa ukame, walikuja Kisumu na kujaribu kuwahimiza wanawake walio katika hali ngumu kuweka akiba ya dharura kwenye simu, kando na pesa za matumizi. Akiba hiyo ilipunguza haja ya kukimbilia ngono dharura inapotokea. Ni hatua ndogo, na mtu anayekosa hata cha kuweka hawezi kuokolewa na akaunti. Lakini imelenga pahali penyewe.

Serikali yetu tayari inajua kufanya hivyo kwa ukubwa, ila imekufanya kwingine. Kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango wa kupambana na njaa unaotuma fedha kwa kaya maskini, na picha za setilaiti zikionyesha kwamba malisho yamekauka, kaya zaidi zinaongezwa kabla mifugo haijafa. Ziwani hatuhitaji hata setilaiti. Tarehe za mwezi mpevu zimo kwenye kalenda ya mwaka mzima, miezi ya marufuku inajulikana, na kamati za usimamizi wa fuo, BMU, zina daftari la nani anavua na nani anauza. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika bajeti ya kaunti, nayo hupitishwa Juni, wakati omena zimefungwa kwa mwezi wa tatu na mama wa beseni amekwisha kumpigia simu mwenye mashua.